Singo isiyo na karafuu

Saa mbili asubuhi, Jumamosi, maduka ya Kilburn ndiyo kwanza yanapandisha milango yake ya chuma. Ghorofani, juu ya duka la kutengeneza simu, Mwatima Msabaha amekaa kwenye mkeka jikoni, miguu ameinyoosha, anasaga liwa, mti wenye manukato.

Anasaga kwa mkono. Kipande cha mti kinazunguka juu ya jiwe aliloletewa na shangazi yake kutoka Wete, Pemba, mrashi wa maji ya waridi unadondoshwa kidogo kidogo, na uji mzito unajikusanya ukingoni. Pembeni yake kuna sinia la maua: mawaridi makavu, asumini, mpompia na mkadi. Harufu imeshashuka ngazi mpaka mlango wa nje.

"Mashine inaunguza," anasema bila kuinua kichwa. "Ngozi ya mwari haitaki haraka. Hizo mashine ninazo mbili, nimepewa zawadi. Zimekaa tu kabatini."

Hiyo anayoitengeneza ni singo, mchanganyiko wa manukato anaosuguliwa bibi harusi siku za kuelekea ndoa yake. Kila msugua singo ana mkono wake. Singo ya Mwatima ilijulikana kwa karafuu: vikonyo vilivyolowekwa usiku kucha ndani ya mrashi, vikachujwa, yale maji yakatiwa mwishoni. Wenziwe walikuwa wakimwambia karafuu itawaunguza watoto wa watu. Haikumuunguza hata mmoja.

Leo kopo la karafuu liko juu ya rafu, karibu na jiko, kifuniko kimekazwa. Hajaligusa. Kwa zaidi ya mwaka sasa singo yake inatoka jikoni hapa bila karafuu, na sababu yake ni filamu ya vichekesho.

Mwatima ana miaka hamsini na mbili. Siku za wiki ni mhudumu wa wazee majumbani: anawaogesha, anawavisha, anawapa dawa zao, kisha anakimbilia basi la nyumba ya pili. Mshahara huo unalipa kodi ya nyumba na haubakizi cha kuringia. Lakini ukimuuliza kazi yake ni ipi, hatakutajia wazee.

"Mie ni somo," anasema.

Somo ndiye mwanamke anayemchukua msichana aliyevunja ungo, akamfunza usafi, heshima na mambo ya unyumba, na siku ya harusi akaingia naye chumbani, akamsugua, akamfukiza, akamwambia yale ambayo mama mzazi hawezi kumwambia mwanawe. Mwari na somo yake hawaachani. Hata msichana akizeeka, somo yake ni yule yule.

Kazi hiyo aliirithi kwa shangazi yake. Mwatima alifika London mwaka 2001, baada ya vurugu za Pemba, akiwa na mimba changa na mkoba mmoja unaonuka karafuu. Kwenye hosteli ya wakimbizi alipangwa chumba kimoja na mwanamke wa Unguja, Haifa, aliyekuwa amempakata binti yake mchanga, Zahra. Wakalala watatu chumba hicho miezi minane, na Mwatima alipojifungua mtoto wa kiume, Riyadh, wakawa wanne. Mume wa Mwatima alikuja baadaye, akaishi miaka michache, akafariki.

Zahra alipovunja ungo, Haifa alimshika mkono akamleta hapa Kilburn. Alimkalisha kwenye mkeka huu huu.

"Aliniambia, 'Mwatima, huyu nimekukabidhi. Mie nimemzaa tu,'" anakumbuka.

Kwa miaka mingi hakuna harusi ya Wazanzibari iliyofungwa London bila mtu kuuliza kama Mwatima ana nafasi. Majira ya joto alikuwa na bibi harusi karibu kila wiki, na kila mmoja alimpa takriban pauni mia nne, mbali na kanga na chakula. Fedha hizo ndizo zilizomvalisha Riyadh na kumfikisha chuo kikuu.

Sharti lake lilikuwa moja, nalo ni sharti la kila shughuli ya wanawake wa kwao. Mlangoni anasimama mtu na kapu la ukili. Kila anayeingia anatia simu yake humo. Wanaume wakishatoka, hata mtoto wa kiume anayeanza kujua mambo, mlango unafungwa. Hapo mabuibui yanavuliwa, msondo unapigwa, na mwanamke uliyemjua kwa heshima zake zote barabarani unamwona anakata kiuno mpaka unajisahau.

Na picha zinapigwa. Watu wengi hawalijui hilo. Anakodiwa mwanamke mwenye kamera, anarekodi shughuli nzima, kisha anamkabidhi mama wa bibi harusi. Mama anaufunga mkanda huo ndani ya kanga, anautia sandukuni. Tangu Mwatima aanze kazi hii hakuna mkanda uliowahi kutoka. Hakuna aliyewahi hata kuuliza kama utatoka, maana lingekuwa tusi.

Basi ndipo akaja Hina.

Hina ni msichana wa Kihindi, mzaliwa wa London, ambaye bibi yake alizaliwa Mombasa. Watu wake husali kwenye hekalu la Neasden, na Kiswahili alichonacho ni cha jikoni kwa bibi. Alikuwa msaidizi kwenye filamu iliyokuwa ikipigwa mitaa ya huko: vichekesho vya vijana wanne wa chuo waliomaliza mitihani, wakalewa, wakapoteza suruali zao, na usiku kucha wanazunguka London wakikimbizwa na kila mtu. Katika kukimbia huko wanajikuta nje ya nyumba yenye harusi.

"Alinambia, 'Aunty, tunataka somo wa kweli. Hatutaki mwigizaji,'" anasema Mwatima. "Wallahi nilijiona. Nikasema kumbe hata Wazungu wanajua kazi hino ina wenyewe."

Alielezwa kwamba vijana wale watakuwa nje ya mlango wanasikiliza, na watakachopata watazamaji ni mlio wa ngoma na nyuso za vijana. Hina anathibitisha kwamba ndivyo ilivyoandikwa na ndivyo yeye mwenyewe alivyoambiwa.

Siku ilipofika alipelekwa kwenye nyumba ya kukodi karibu na Neasden. Chumba kilikuwa kimepambwa vizuri, anakiri, mapazia, mito, na msichana mwigizaji amevishwa kanga kisutu. Mwongozaji alikuwa mwanamke, mpole kama maji ya mtungini. Mwenye kamera mwanamke. Wa taa mwanamke. Wa sauti mwanamke.

Mwatima aliuliza kama kuna mwanamume humu ndani. Akaambiwa hakuna. Akauliza kama mlango umefungwa. Ukafungwa mbele ya macho yake, na simu zote zikawekwa kwenye meza ya nje, jambo lililomfurahisha mno.

Swali la tatu, kwamba picha hizi zitakwenda kwa nani, hakuliuliza.

"Chumba cha wanawake, mlango umefungwa, kamera kashika mwanamke," anasema, na sasa ameacha kusaga. "Kwetu hayo yakitimia, basi. Mie sikuiona filamu pale. Niliona harusi."

Mwongozaji akamwomba amfunze yule msichana kama anavyofunza siku zote, ili ngoma itoke vizuri. Mwatima akavua buibui, akajifunga kanga kifuani, nywele wazi. Akaukalia msondo. Akamwimbia msichana yule, akamwonyesha kiuno kinavyokatwa, akamwambia maneno ambayo shangazi yake alimwambia yeye na shangazi aliambiwa na somo yake. Wanawake chumbani walilia machozi kwa kucheka na kupiga makofi. Mwongozaji alimkumbatia. Alilipwa ujira wa siku moja, akatia saini pale walipotia wenzake, akarudi nyumbani na sahani ya keki.

Ilipita miezi, na shughuli zake zikaendelea. Siku moja jioni Riyadh, ambaye alikuwa akiishi bweni la chuo, alirudi nyumbani bila kupiga simu. Hakula. Alisimama pale pale kwenye mlango wa jikoni. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza.

"That was you, Mum," alisema.

Wanafunzi walikuwa wameionyesha filamu ile ukumbini kwao, watu zaidi ya mia, na vinywaji mkononi. Vijana wanne wa kwenye filamu hawakubaki nje ya mlango. Walipigwa picha siku nyingine, kwenye chumba kile kile, wakiwa wamejificha chini ya kitanda na mabuibui vichwani, kisha picha zikaunganishwa. Mwatima anakata kiuno, vijana wanatumbua macho. Anamwambia mwari neno, mmoja wao anajigonga kichwa kwenye ubao wa kitanda. Tafsiri ya Kiingereza inapita chini ya kioo, neno kwa neno.

Na ukweli usemwe, inachekesha. Ndiyo sehemu inayochekesha kuliko zote. Hawakuzua neno hata moja wala hawakumtia mtu mwingine mahali pake. Ni yeye mwenyewe, nywele zake, kiuno chake na maneno ya shangazi yake, yamemwagwa mbele ya waume za watu na vitoto vya chuo.

Riyadh hakuwaambia rafiki zake kwamba yule ni mama yake. Hilo Mwatima anamsamehe. Kilichomkata ni sentensi ya pili, aliyoisema akitazama sakafu: kwamba wenzake walipocheka, na yeye alicheka.

"Nilimuuliza, ulicheka vipi? Akanijibu, 'Ningefanya nini, Mum?' Kwa Kiswahili. Siku hiyo kanijibu kwa Kiswahili." Anajipangusa mkono kwenye kanga. "Mie namuosha mtoto wa watu kwa siri, na mwanangu ananiona hivyo mbele ya kaumu."

Kipande kile kilikatwa kikaingia kwenye simu. Kwa wiki mbili kilizunguka London, Unguja, Pemba, Muscat na Dubai. Wanawake waliokitazama mara tatu tatu, wengine wamejifungia chooni, ndio waliokuwa wa kwanza kusema haifai kutazamwa. Wakaanza kupiga simu. Huyu bibi yake amekuja kutoka Unguja na somo yake. Huyu harusi imeahirishwa, nayo ikafungwa Jumamosi ile ile. Majira ya joto yale hakuingia chumba hata kimoja.

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha," anasema Mwatima, na sauti inampanda. "Miili yao yote naijua mie. Nani kaungua, nani kashonwa, nani alilia usiku wa kuamkia harusi kwa sababu hamtaki yule bwana. Nani kasikia kwangu neno? Nani? Wao siku moja tu yangu imewashinda!"

Hina alikuja hadi Kilburn, akalia kwenye ngazi. Naye aliiona filamu siku ile ile walipoiona watu wengine. Walipokuwa wakiiunganisha, alieleza, waliipenda mno sehemu ile wakaona ni hasara kuiacha. Aliwalalamikia wakubwa wake kwa niaba ya Mwatima. Majibu yalikuwa ya adabu: kila aliyeonekana aliridhia. Wakamtumia Mwatima tiketi mbili za sinema na kumuuliza kama atapatikana wakitengeneza sehemu ya pili.

"Tiketi mbili," anasema Mwatima. "Ya pili sijui nimchukue nani."

Aliyabeba yote hayo akisubiri jambo moja. Zahra alikuwa ameshachumbiwa. Wengine waende, alijiambia, Zahra ni wake.

Haifa alikuja mwenyewe, hakutuma mtu, na kwa hilo Mwatima anampa haki yake. Aliketi kitini bila kuvua koti. Chai ilipoa mbele yake.

"Mwatima, mie nakujua wewe ni nani," alisema. "Lakini wakwe wa Zahra wameiona. Mama mkwe kaniuliza kwa mdomo wake, 'Yule ndiye atakayeingia chumbani na mkaza mwanangu?' Ningemjibu nini?"

"Ungemjibu kuwa ndiye aliyemfunza."

"La kuvunda halina ubani, dada yangu. Nisamehe."

Ikawa Zahra amepewa somo mwingine, mwanamke wa upande wa Lewisham. Kwa asiyezijua mila hizi inaweza kuonekana kama kubadilisha fundi cherehani. Kwa Mwatima ni kunyang'anywa mwari wake naye angali hai. Zahra mwenyewe hakupiga simu. Alituma ujumbe mfupi wa Kiingereza wenye alama nyingi za moyo, na Mwatima hajaujibu mpaka leo kwa sababu hajui moyo unajibiwa vipi.

Aliyemnyanyua ni Marcelina, Mtanzania wa bara mwenye kibanda cha vitenge, unga wa muhogo na dagaa katika soko la Lewisham. Walifahamiana kwa kazi ya wazee. Marcelina alimwambia asage singo, aitie kwenye makopo, na yeye ataiuza kwa jina lake mwenyewe.

"Nilimwambia, Mama Riyadh, hao hao wanaokusema watainunua," anasema Marcelina, akipanga makopo kwenye meza yake. "Ila ile karafuu yako iondoe. Ukiiweka watakunusa."

Mwatima akaiondoa. Kopo moja linauzwa pauni nane, wanagawana nusu kwa nusu. Kwenye kifuniko imebandikwa karatasi ya waridi yenye jina la Marcelina, ambaye maishani mwake hajawahi kusaga liwa na analicheka jambo hilo waziwazi. Singo inakwenda. Hata yule somo wa Lewisham ni mteja, na husifu kila mara kwamba Marcelina ana mkono mzuri.

Mwatima analisimulia hilo kwa kicheko kikavu. Ni uchungu, na hafichi kwamba ni uchungu. Mkono wake unawagusa maharusi wale wale, ila kupitia vidole vya mtu mwingine.

Jumatano iliyopita Marcelina alimpigia simu akiwa kwenye basi. Somo wa Lewisham ameagiza makopo manne kwa pamoja, yachukuliwe Jumatatu. Ni ya harusi ya Zahra. Haifa mwenyewe ndiye atakayeyafungua, maana kwao mama ndiye anayenusa manukato ya mwanawe kabla hayajamgusa.

"Nilishuka kituo ambacho si changu," anasema Mwatima. "Nikakaa pale kituoni, mabasi yanapita."

Liwa imetosha sasa. Anaikwangua kwa kijiko cha mti, anaitia kwenye bakuli, anachanganya na unga wa maua. Ananyanyuka kwa kushika meza, magoti yanalia. Anafungua jokofu anatoa chupa ya mrashi iliyofunikwa kitambaa. Ndani yake, tangu jana, vimelala vikonyo vya karafuu.

Kopo lililoko juu ya rafu halijaguswa leo, kweli. Liliguswa jana.

Marcelina, aliyekuwa amepigiwa simu mapema, hakufurahi. Sauti yake ilisikika jikoni kote. "Mama Riyadh, usije ukaniharibia soko! Huyo Haifa akijua, kesho yake London nzima imejua. Tutakula wapi?"

Hofu yake ni ya haki. Haifa alilala na harufu ile miezi minane chumba kimoja, na alikuwepo Mwatima alipowasugua maharusi wake wa kwanza. Hawezi kuikosa. Akitaka, kwa simu moja tu, Mwatima atabaki na wazee wake na mabasi.

"Marcelina nimemwambia akitaka kuniacha aniache," anasema. "Mwaka mzima nimejificha ndani ya kopo. Kwa Zahra sijifichi."

Anaanza kumimina. Harufu ya karafuu inapanda, kali, inajaza jikoni, inafika ukumbini. Mlango wa chumba cha nyuma unafunguliwa na Riyadh anachomoza kichwa. Amerudi kuishi nyumbani, bwenini hakumfai tena. Mama na mwana huzungumza yale ya lazima tu, na tangu siku ile hajawahi kuuliza lolote kuhusu kazi hii.

"Who's getting married?" anauliza.

"Zahra," anajibu mama yake.

Kijana anaingia, anachukua makopo manne matupu kutoka kwenye mfuko, anayapangusa moja moja kwa kitambaa safi na kuyapanga mezani mbele ya mama yake.

Mwatima anaijaza singo makoponi kwa kijiko. Kubandika zile karatasi za Marcelina, anasema, atabandika, kwa sababu makubaliano ni makubaliano. Anachotumaini ni kwamba kabla ya siku ya harusi simu yake italia, na itakuwa Haifa, na atamwambia njoo. Hajanunua kanga ya shughuli. Ametazama bei tu.

Na Haifa akinusa, akamwaga yote chooni, je?

Mwatima anakaza kifuniko cha kopo la mwisho, anaunusa mkono wake.

"Amwage," anasema. "Karafuu ya Pemba haimwagiki. Nyumba itanuka mpaka siku ya harusi, na Zahra atauliza ni nini."